Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake: michoro ya vita vya kikoloni katika magazeti ya zamani

Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Usemi huo husikika barazani mtu anaposimulia ugomvi wake mwenyewe, lakini una mahali pake pia katika jambo ambalo wengi hawalifikirii, nalo ni picha za vita. Katika vitabu vya historia vya shule, katika kalenda za ukutani na katika majumba ya makumbusho zimo picha za vita ambavyo mataifa ya Ulaya yalipigana na Waafrika katika karne ya 19. Askari wa Kizungu wamesimama katika mstari mmoja, wametulia, bunduki begani. Mbele yao linamiminika kundi la watu weusi wasio na idadi wala nyuso, mikuki juu. Mtoto huitazama picha hiyo akadhani ndivyo ilivyokuwa. Baba yake, hata akiwa askari mwenye cheo, mara nyingi hudhani vivyo hivyo.

Lakini nyingi za picha hizo hazikupigwa na kamera. Zilichorwa kwa mkono kwa ajili ya magazeti ya kila juma ya Ulaya, zikachongwa katika ubao, zikapigwa chapa, na mara nyingine aliyezichora hakuwapo kabisa mahali pa vita. Kila askari na kila polisi anajua kwamba taarifa ya tukio haina thamani mpaka ieleze ni nani aliyeona, alisimama wapi, na saa ngapi. Picha nayo ni taarifa. Haki yake ni kuulizwa maswali hayo hayo.

PICHA ILIVYOTENGENEZWA

Illustrated London News, gazeti lililofungua njia kwa magazeti ya michoro ya kila juma, lilianza London mwaka 1842. Mshindani wake, The Graphic, lilianza mwaka 1869. Huko Ufaransa, nyongeza ya kila juma ya gazeti Le Petit Journal ilianza kutoa picha za rangi mwaka 1890. Magazeti hayo yalikuwa na wachoraji wao waliofuatana na majeshi vitani. Mmoja wa waliojulikana sana alikuwa Mwingereza Melton Prior, aliyezaliwa mwaka 1845 na kufariki mwaka 1910. Illustrated London News lilimtuma kwanza kwenye vita vya Waasante mwaka 1873, na tangu hapo alikwenda vita baada ya vita kwa muda wa miaka 30.

Kazi ilikwenda hivi. Mchoraji aliyeko uwanjani alichora upesi kwa penseli, mistari michache tu, akaandika pembeni maelezo mafupi: hapa moshi, hapa mlima, hapa wapanda farasi. Karatasi ilitiwa katika bahasha, ikapelekwa kwa farasi hadi bandarini, ikasafiri kwa meli majuma kadhaa. Ilipofika London ilipokewa na mchoraji mwingine ambaye pengine hakuwahi kuikanyaga nchi ile. Huyo aliichora upya, akazijaza nyuso, mavazi, mawingu na maiti. Kisha mchoro ulihamishiwa juu ya ubao wa mti mgumu sana.

Mti huo haunenepi, kwa hiyo ubao wa kutosha ukurasa mzima ulifanywa kwa vipande vingi vilivyokazwa pamoja kwa bolti upande wa nyuma. Kazi ilipokuwa ya haraka vipande vilifunguliwa, kila fundi akapewa chake, wakakesha wakichonga: mmoja mbingu, mwingine farasi, mwingine mkono ulioshika upanga. Baadaye vipande viliunganishwa tena, na fundi mkuu akasawazisha mistari mahali vilipokutana. Kamera zilikwisha kuwapo siku zile, lakini hazikuweza kumnasa vizuri mtu anayekimbia, na mitambo ya magazeti ilikuwa haijapata njia nyepesi ya kupiga chapa picha ya kamera pamoja na maandishi.

Hivyo basi, kabla ya kumfikia msomaji, picha ilikwisha kupita katika mikono ya watu watatu au zaidi, na wote walikuwa wa upande mmoja. Haifai kusema kwamba wote walikuwa waongo. Prior alikuwa mtu wa ujasiri, aliyechora huku risasi zikipita. Lakini kila mkono uliongeza kidogo na kupunguza kidogo, na hakuna hata mmoja kati yao uliokuwa mkono wa Mwafrika.

ISANDLWANA, 1879

Vita vya Wazulu vinaonyesha jambo hilo waziwazi. Mwezi wa Desemba 1878 Sir Bartle Frere, mwakilishi wa Malkia katika Afrika ya Kusini, alimpelekea Mfalme Cetshwayo masharti ambayo mfalme mwenye nchi yake hawezi kuyakubali. Moja lilikuwa kwamba auvunje utaratibu wa jeshi lake. Watu wa Pwani ya Afrika ya Mashariki walikwisha kumjua Frere, kwani ndiye aliyekuja Unguja mwaka 1873 kumtaka Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa.

Tarehe 11 Januari 1879 majeshi ya Uingereza yaliingia nchi ya Wazulu. Siku 11 baadaye, tarehe 22 Januari, kambi yao chini ya mlima wa Isandlwana ilivamiwa na jeshi la Wazulu lipatalo watu 20,000, chini ya majemadari Ntshingwayo kaMahole na Mavumengwana kaNdlela. Jeshi hilo kubwa lilikuwa limejificha katika bonde la Ngwebeni, kilomita chache tu kutoka kambini, na jemadari wa Kiingereza, Lord Chelmsford, hakuwa na habari. Asubuhi ile alikuwa ameondoka na sehemu ya askari wake kuwatafuta Wazulu mahali pengine. Wazulu walipigana kwa mpango wao wa pembe za nyati: kifua kinagonga mbele, pembe mbili zinazunguka kushoto na kulia, kiuno kinangoja nyuma kama akiba. Hadi alasiri zaidi ya watu 1,300 wa upande wa Waingereza walikuwa wamekufa, na kati yao zaidi ya 400 walikuwa Waafrika wa Natal waliokuwa wakiwatumikia Waingereza. Wazulu nao walipoteza watu wasiopungua 1,000.

Habari ilifika London tarehe 11 Februari. Magazeti makubwa ya michoro hayakuwa na mchoraji wao kambini siku ile. Ndipo yalipowatuma watu wao, Prior akiwa mmojawapo. Lakini wasomaji walitaka picha mara moja, nao wakapewa, zikiwa zimetungwa kutokana na barua, taarifa za jeshi na mawazo ya mchoraji mezani pake.

Mchoraji wa The Graphic katika vita hiyo, Charles Edwin Fripp, alifika Afrika ya Kusini baada ya pigano lenyewe. Mwaka 1885 alionyesha London picha kubwa ya rangi ya Isandlwana, ambayo tangu hapo imenakiliwa katika vitabu vingi. Katikati wamesimama askari wachache wa Kiingereza, bega kwa bega, wakingoja mauti kwa utulivu. Kandokando yao Wazulu wamejaa kama mafuriko. Ni picha ya ufundi mkubwa. Hata hivyo afisa anayeitazama kwa jicho la kazi yake atatambua kwamba kuna jambo kuu halimo. Haimo akili ya Ntshingwayo. Hayumo jemadari aliyewaficha watu 20,000 mbele ya pua ya adui, wala pembe mbili zinazofunga mduara kwa wakati wake. Ushindi umefanywa uonekane kama nguvu ya maji tu, na kushindwa kumefanywa kuonekane kama ushujaa. Wale Waafrika zaidi ya 400 waliokufa wakiwa upande wa Waingereza nao picha haikuwapa mahali.

Tarehe 21 Mei Prior alifuatana na kikosi kilichorudi Isandlwana kwa mara ya kwanza kwa nguvu ya kutosha kuukagua uwanja na kuondoa magari ya kukokotwa yaliyobaki. Ilikuwa miezi minne tangu pigano. Mifupa ya watu ilikuwa ingali juu ya ardhi, katikati ya majani yaliyoota, pamoja na karatasi, viatu na barua zilizotawanyika. Safari hii mchoraji alikuwapo, akachora alichokiona kwa macho yake, na mwezi wa Julai wasomaji wa London waliiona kazi hiyo. Mke aliyekuwa akiishi katika kota za askari huko Uingereza alijua sasa kwamba mumewe hakupata hata kaburi kwa muda wa miezi minne. Picha ya namna hiyo haikuhitaji bendera wala mawingu. Ilikuwa ya kweli, na ilikuwa nzito kuliko zote zilizotungwa.

Lakini si picha hiyo iliyotundikwa katika kuta za nyumba. Usiku ule ule wa tarehe 22 Januari, Waingereza wapatao 150 waliilinda nyumba ya misheni ya Rorke's Drift dhidi ya Wazulu kati ya 3,000 na 4,000, na hawakushindwa. Askari 11 walipewa nishani ya Victoria Cross. Mwaka 1880 wachoraji wawili wakubwa, Alphonse de Neuville na Lady Butler, kila mmoja aliitolea pigano hilo picha kubwa, na nakala zake zikaenea. Hakuna kati yao aliyekuwapo. Walinzi wale walipigana kwa ushupavu, hilo halina shaka. Lakini kuinua pigano dogo la usiku kulisaidia kufunika maafa makubwa ya mchana. Na picha hizo hazionyeshi yaliyotokea kulipopambazuka, wakati majeruhi wengi wa Kizulu waliobaki uwanjani walipouawa.

Cetshwayo mwenyewe alikamatwa mwezi wa Agosti 1879. Mwaka 1882 alichukuliwa Uingereza kuonana na Malkia Victoria. Watu walijazana barabarani kumshangilia, na wachoraji na wapiga picha wakamwonyesha akiwa amevaa suti, mtu mzima mwenye haiba na adabu. Mtu alikuwa ni yule yule. Kilichobadilika ni kwamba sasa hakuwa tena na jeshi.

OMDURMAN, 1898

Miaka 19 baadaye, kando ya mto Nile, yalitokea mambo mengine yanayowahusu zaidi askari wa sehemu hizi za Afrika. Tarehe 2 Septemba 1898 jeshi la Jenerali Kitchener, lenye watu wapatao 25,000, lilipambana na jeshi la Khalifa Abdullahi wa Sudan lenye watu wapatao 50,000, kwenye uwanda wa Karari karibu na Omdurman. Theluthi moja tu ya jeshi la Kitchener ilikuwa ya Waingereza. Waliobaki walikuwa Wamisri na Wasudani weusi, wengi wao wakiwa watu wa asili ya Kusini mwa Sudan na milima ya Nuba.

Mizinga, manowari za mtoni na bunduki za Maxim, zile ambazo askari wa zamani wa Afrika ya Mashariki waliziita bombomu, zilianza kazi alfajiri. Wafuasi wa Khalifa walisonga mbele kwa ushujaa uliowashangaza hata adui zao, nao wakafagiliwa wakiwa mbali. Kufikia adhuhuri walikuwa wamekufa zaidi ya 10,000. Jeshi la Kitchener lilipoteza watu 48.

Picha gani ilitoka katika vita hiyo? Ile iliyochorwa na kurudiwa kuliko nyingine ni ya Kikosi cha 21 cha wapanda farasi wa mikuki, kikishambulia kwa mbio. Kikosi hicho, chenye watu wapatao 400, akiwamo luteni kijana Winston Churchill, kilitumbukia katika korongo lililojaa wapiganaji waliojificha, kikapoteza watu 21 kwa muda wa dakika chache. Wapanda farasi watatu walipata Victoria Cross. Richard Caton Woodville, mchoraji mashuhuri wa Illustrated London News, aliichora picha kubwa ya shambulio hilo mwaka ule ule, ingawa hakuwapo Sudan. Farasi wanaruka, mikuki inang'aa, mtu na mtu wanatazamana uso kwa uso. Ni vita kama ya zamani. Anayeitazama hawezi kujua kwamba vita ya Omdurman iliamuliwa na mashine, wala kwamba shambulio hilo halikubadili matokeo yake.

Lililokuwa hatari ya kweli siku ile lilitokea mahali pengine. Kitchener alipokwisha kuamuru jeshi lielekee mjini, brigedi ya Kanali Hector MacDonald iliachwa nyuma peke yake. Ilikuwa na batalioni tatu za Wasudani na moja ya Wamisri, watu wapatao 3,000. Ilishambuliwa na maelfu kutoka magharibi, na mara walipowazuia hao, maelfu wengine wakaja kutoka kaskazini. Batalioni zilibidi zigeuke mbele ya adui, moja baada ya nyingine, bila kuvunja mstari, huku risasi zikiwapungukia. Kila mtu aliyepata kufundishwa gwaride na mapigano anajua ugumu wa kugeuza mstari chini ya moto. Waliufanya, na jeshi zima likaokoka.

Kanali MacDonald alisifiwa sana Uingereza, na kwa haki. Wale askari wa Kisudani waliogeuka naye hawakupata mchoraji wa kuwafanya wajulikane na kila nyumba. Jambo hili halipaswi kuwa geni kwa wasomaji wa Uganda na Kenya. Mababu wa Wanubi walitoka katika askari wa namna hiyo hiyo, wale wa Emin Pasha, ambao Kapteni Lugard aliwachukua katika utumishi wake mwaka 1891. Jeshi la kikoloni lilimtegemea askari Mwafrika kwa kila hatua. Gazeti la kikoloni lilimweka pembezoni mwa picha, akiwa na sura ndogo isiyo na jina.

MKONO WA UPANDE WA PILI

Je, Mwafrika aliyejichorea mwenyewe alifanya vipi? Ethiopia inajibu. Tarehe 1 Machi 1896 jeshi la Mfalme Menelik wa Pili, lipatalo watu 100,000, lililishinda jeshi la Italia la Jenerali Baratieri huko Adwa, na kabla ya mwaka huo kwisha Italia ikakubali kwa mkataba kwamba Ethiopia ni nchi huru. Wachoraji wa Ethiopia, waliozoea kuchora kuta za makanisa, waliichora vita hiyo juu ya vitambaa, na picha hizo ziliendelea kuchorwa kizazi baada ya kizazi.

Humo mambo yamegeuka. Mfalme yuko chini ya mwavuli wa heshima. Malkia Taytu yupo pia, juu ya farasi wake. Waethiopia wana bunduki na mizinga, maana ndivyo ilivyokuwa kweli. Mtakatifu George, ambaye sikukuu yake iliangukia siku ya vita, yuko juu mawinguni akiwapigania. Kwa desturi ya wachoraji wa kanisa, watu wema huonyeshwa uso mzima, macho mawili, na waovu huonyeshwa ubavu, jicho moja. Waitalia ndio wenye jicho moja.

Picha hizo zinafurahisha moyo wa Mwafrika, lakini nazo zina mkono ulioziamba. Upande wa Italia walipigana maelfu ya askari wa Eritrea. Mamia kati yao waliotekwa walikatwa mkono wa kulia na mguu wa kushoto, kwa kuwa walihesabiwa kuwa wasaliti. Picha za ushindi hazina nafasi ya watu hao. Mwenye kuupenda ukweli hana budi kuukumbuka uchungu wao pamoja na fahari ya Adwa.

KUISOMA PICHA NYUMBANI

Si busara kuzichoma picha za kale wala kuzifungia sandukuni. Zina faida yake. Zinaonyesha mavazi, silaha, aina ya kambi na sura ya nchi, na mara moja moja, kama katika michoro ya Prior ya mwezi wa Mei, zinaonyesha jambo ambalo wakubwa wangependa lisionekane. Linalotakiwa ni mzazi kukaa na mtoto wake juu ya kitabu cha shule na kumfundisha kuuliza. Aliyechora alikuwapo? Alisimama upande gani? Nani ana uso na jina, na nani ni kundi tu? Nani alikuwapo vitani lakini hayumo katika picha?

Maswali hayo hayakwisha pamoja na mbao za kuchongwa. Siku hizi picha ya vita hufika nyumbani kwa simu ya mkononi, kwa dakika moja, bila meli wala fundi wa kukesha. Mke wa askari aliye mbali huipokea akiwa jikoni, na moyo wake hushtuka kabla hajajua imetoka kwa nani. Upesi wa picha hauongezi ukweli wake. Kamera nayo huelekezwa na mkono, na mkono una mwenyewe.

Askari aliyesimama katika mstari wa MacDonald alirudi nyumbani, kama alirudi, bila picha ya kumwonyesha mwanawe. Alikuwa na maneno yake tu. Katika nyumba nyingi bado wako wazee waliosikia maneno ya namna hiyo kutoka kwa baba na babu zao. Wakiulizwa sasa, na majibu yao yakaandikwa katika daftari pamoja na majina ya watu na mahali, watoto watakuwa na kitu cha kuweka kando ya picha ya kitabuni wanapoitazama.